Napima Presha za Wenzangu, Kizunguzungu Changu Nakificha

Bi Zubeda, shikamoo. Naandika haya kwa simu nikiwa nimekaa chini kwenye mkeka, mgongo nimeuegemeza ukutani, kwa sababu siku hizi nikisimama muda mrefu ukuta unanifuata, na naomba unisaidie kabla ya tarehe kumi na tano mwezi ujao, sababu yake nitaieleza huko mbele, ila tafadhali usinicheke, maana waliokwisha kunicheka wanatosha.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka arobaini na nne, naishi Pangani, hii ya kwetu Kibaha, mume wangu Ipyana ni mtu wa Mbeya, kazi yake iko ofisini Dar, anatoka alfajiri na kurudi watoto wameshakula, mimi nabaki na kuku wangu wa mayai, na kila Jumamosi asubuhi tunasali jumuiya, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Miaka miwili iliyopita mwenzetu mmoja alifariki kwa kiharusi, mtoto wake akatuletea mashine ya kupimia presha iwe zawadi ya jumuiya, ile ya kufunga mkononi inayojijaza upepo yenyewe, mwenyekiti akauliza nani hapa anajua mambo ya hospitali, watu wote wakanigeukia mimi kwa sababu kabla sijaolewa nilifanya kazi kwenye zahanati miaka mitatu, na ni kweli nilifanya, ila Bi Zubeda nilikuwa nafagia, napiga deki na kuchemsha maji, mgonjwa sikuwahi kumgusa, lakini siku ile sikulisema hilo, nikainuka nikaipokea mashine, wakanipigia vigelegele, na tangu hapo naitwa Dokta.

Kazi yenyewe iko hivi, tukimaliza sala na kabla chai haijamiminwa watu wanakaa kwenye benchi, namfunga mtu mkanda, nasoma namba kwa sauti, naandika kwenye daftari, aliyezidi namwambia apunguze chumvi na mawazo, aliye sawa nampa hongera, na nakiri kwamba niliipenda ile heshima, mtu anakusimamisha sokoni anauliza, Dokta, nikila dagaa wa chumvi itapanda, na wewe unajibu. Kuna Jumamosi alikuja nesi wa kituo cha afya cha jirani, Sista Aneth, alikuwa mgeni wa nyumba tuliyosali, akaniambia kwa upole, "Mama, hawa wametembea, waache wakae kwanza dakika tano, na mkanda usiufunge juu ya kitenge, tena kwa mkono mnene huo ni mdogo, utasoma uongo." Nikamjibu mbele ya wote, "Sista, huku si hospitali, huku hatuna foleni wala kukaripiwa." Watu wakacheka sana, na yeye akacheka kidogo, akaenda kusaidia kumimina chai, na hajarudi tena.

Sasa kizunguzungu. Kilianza kabla ya Kwaresima, nikichuchumaa kuokota mayai halafu nikainuka, macho yanaingia giza, masikio yanavuma, nashika waya wa banda mpaka kipite, mwanzoni ilikuwa mara moja kwa wiki, sasa ni kila siku, siku nyingine mara tatu, na kale kamlima ka kutoka barabarani kwenda nyumbani napumzika mara mbili wakati zamani nilikuwa nakapanda na ndoo kichwani. Nikajua ni presha, maana kwetu jumuiyani ukisema kizunguzungu umeshasema presha, nikajipima siku ile ile, nilikuwa nimetoka kubeba mifuko miwili ya chakula cha kuku na kugombana na aliyeniuzia, ikasoma mia hamsini na mbili kwa tisini na nne, nikasema si nilijua. Mwenzangu Matilda ana presha ya kuandikiwa na daktari kabisa, na vidonge vya akiba anavyo, akanipa karatasi mbili, akasema tukimaliza hizi zipo nyingine, basi tangu baada ya Pasaka namezea chai kimoja kila asubuhi.

Kila mtu ana neno lake juu ya hali yangu. Ipyana anasema ni simu, nimezidi kuinamia simu. Mama yangu anasema damu imepungua, ananiletea rozela kutoka kwetu Mzenga, huko Kisarawe, nachemsha nakunywa jagi zima. Shemeji yangu anasema nimetupiwa kitu. Mwenyekiti wa jumuiya ananitazama tumbo na kucheka, anasema Mungu hachelewi, ila mimba haiwezekani, siku zangu zinakuja, tena tangu mwaka jana zinakuja kwa fujo, siku tisa mpaka kumi, na mabonge, naweka kanga iliyokunjwa juu ya pedi na bado naogopa kukaa kwenye kochi la mtu, ila hayo ni mambo ya umri, nimeyataja tu ili ujue kwamba si mimba. Na wanangu wananicheka kwa sababu siku hizi siwezi kupepeta mchele bila kutafuna viganja viwili ukiwa mbichi, wanasema mama anakula chakula cha kuku.

Mwezi uliopita nikaanguka bandani, trei tatu za mayai zikanifuata chini, nikamwambia Ipyana nimeteleza kwenye uchafu wa kuku. Alipoondoka nikajipima, mashine ikasoma tisini na mbili kwa hamsini na sita, nikaona haiwezekani, mtu wa presha ya kupanda atasomaje tisini, nikajua betri zimekwisha, nikanunua mpya, ikasoma themanini na nane, nikajua basi mashine yenyewe imechoka, na kwa kuwa kizunguzungu kilikuwa kinazidi nikaona dozi haitoshi, nikawa nameza viwili.

Kinachoninyima raha zaidi ni hiki, na hiki hata Ipyana hajui. Mwezi huo huo wa sita nilikwenda Mzenga kumsalimia mama, mashine nikaibeba kwenye kikapu, majirani wakajaa uani, nikapima mpaka mkono ukauma, na wa mwisho alikuwa mjomba Melkiori, kaka yake mama, mzee wa miaka sabini na mbili, alifika jasho linamtiririka, ametoka shamba na mzigo wa mihogo kwenye baiskeli. Akaniuliza, "Mwanangu, kidude hiki kinaniona mpaka ndani?" Nikamwambia kinakuona, mjomba, na ikasoma mia na sitini, nikampa karatasi moja ya vidonge katika zile za Matilda, nikamwambia kimoja kila asubuhi baada ya chai na usiache hata siku moja. Nilivyorudi Kibaha nikamtumia na nyingine mbili. Jumapili iliyopita mama kanipigia, akasema, "Mjomba wako kaanguka akitoka chooni, kapasuka hapa juu ya jicho, uzee huo, ila usiwe na wasiwasi, dawa yako hajaikosa hata siku moja." Bi Zubeda, nilikaa chini na simu sikioni, nikasema mpeni pole.

Sasa tarehe kumi na tano mwezi wa nane ni sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, ndiye somo, yaani mtakatifu msimamizi, wa kigango chetu, na paroko ametangaza kwamba baada ya misa nitapima presha waumini wote, nimewekewa meza na kitambaa, na kitenge cha sare kimeshashonwa. Nitasimamaje pale mbele nikiyumba? Kituo cha afya cha hapa kwetu siwezi kwenda, Sista Aneth yupo na nitamtazamaje usoni, na nikikaa kwenye lile benchi watu wakaniona, nani atanipa mkono wake tena nimfunge mkanda? Nakuomba unitajie dawa moja tu ya kukausha kizunguzungu, nimtume Ipyana ainunue Dar akitoka kazini, halafu unishauri kama kuna haja ya kumwambia mama chochote kuhusu mjomba au niache tu apone kidonda chake. Jina langu usilitoe.

Dokta wa Jumuiya, Pangani, Kibaha.


Bi Zubeda anajibu

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikakasirika zaidi, halafu nikakuonea huruma. Huruma nitakupa, ila isubiri kidogo, kuna mambo ya haraka kuliko hiyo.

Unataka nikutajie dawa. Sikutajii. Mimi si daktari, na tofauti yangu na wewe ni kwamba mimi nikiulizwa nasema hivyo. Ujumbe wako nilimsomea Dokta Khalfani, tabibu ninayemsumbua kila wiki kwa barua za watu kama wewe. Nilipofika kwenye betri akaniomba nirudie, akidhani nimeruka mstari. Nikarudia. Akavua miwani, akauliza swali moja, "Huyu mama damu yake imepimwa lini?" Nikaupekua ujumbe wako juu mpaka chini. Mume amekupima kwa macho, mwenyekiti amekupima tumbo, shemeji amekupima kwa wachawi, wewe umejipima kwa hasira za chakula cha kuku. Kutoboa kidole tu, hilo hakuna aliyelikumbuka.

Hebu tuitazame mashine yako. Umetoka kubeba mifuko, umetoka kufokeana na mtu, ikasoma juu, ukaiamini papo hapo kama sauti ya malaika. Mtu yeyote akibeba mizigo na kugombana presha yake hupanda kwa muda, ndicho alichokueleza yule nesi ukamfanya kichekesho. Kisha ukaanguka, mashine ikakuambia presha yako iko chini, tena ikakuambia mara mbili. Hapo ndipo ukaenda kununua betri. Mama, kuna watu wanatafuta onyo maisha yao yote hawalipati, wewe ulionyeshwa kwa namba na ukaishia kumlaumu aliyekuonyesha.

Na ulivyomaliza kuilaumu, ukaongeza kidonge cha pili. Dawa ya kushusha presha kazi yake ni kushusha presha. Haina macho ya kuangalia kama huyu ni Matilda au si Matilda. Matilda aliandikiwa kwa mwili wake, kwa umri wake, baada ya kupimwa zaidi ya siku moja. Wewe umeipeleka kwenye mwili ambao presha yake haikuhitaji kushushwa, ukashangaa kwamba ukiinuka kutoka kuchuchumaa dunia inazima. Kuinuka ndipo damu inatakiwa ikimbilie kichwani, na wewe umeinyima nguvu ya kukimbia.

Lakini kizunguzungu chako kilikuwepo kabla ya vidonge, na hapa ndipo uliponichosha kabisa. Umeniandikia habari ndefu za meza na kitambaa, halafu jambo lenyewe umelipitisha katikati kana kwamba ni aibu. Siku kumi za damu, mabonge, kanga juu ya pedi, tangu mwaka jana. Unapanda kilima unatweta. Unatafuna mchele mbichi viganja viwili. Halafu unaniambia ni mambo ya umri. Dokta Khalfani hawezi kukupa jina la ugonjwa kwa kusoma simu, wala mimi, ila anasema mwanamke anayetoka damu namna hiyo, kitu cha kwanza kutafutwa ni upungufu wa damu, na cha pili ni sababu inayomtoa damu hiyo, maana kizazi huweza kuwa na uvimbe au tatizo jingine linalotibika. Hamu ya kutafuna mchele mbichi, udongo au barafu huwapata watu wengi waliopungukiwa madini ya chuma mwilini. Mama yako wa Mzenga aliyesema damu imepungua huenda ndiye aliyekaribia ukweli kuliko nyinyi wote, ila rozela ni kinywaji, si kipimo, na jagi zima kila siku haliwezi kuziba mahali damu inapotokea.

Na nyinyi wengine mnaosoma mkidhani huyu mama ni wa ajabu, ngojeni kidogo. Kila wiki napokea ujumbe wa kizunguzungu na kila mwandishi ameshajipa jawabu. Kizunguzungu si ugonjwa mmoja. Yupo ambaye akigeuza kichwa kitandani nyumba nzima inazunguka, na juu ya hayo anatapika, huyo mara nyingi shida iko ndani ya sikio. Yupo anayekaribia kuzimia akisimama, huyo huenda hanywi maji ya kutosha, huenda amepungukiwa damu, huenda ni dawa anazomeza, za presha, za usingizi, hata za mafua. Sukari ikishuka au ikipanda mno mtu huyumba. Moyo ukipiga bila mpangilio mtu huyumba. Malaria, mimba changa, kipandauso, hofu iliyozidi, kushinda na njaa, yote hayo yanaweza kukuleta mlango mmoja. Ndiyo sababu anayekuambia "hiyo presha tu" bila kukugusa anakubahatisha, na wewe unayekubali unajibahatisha.

Sasa sikiliza utakachofanya. Kesho asubuhi, si wiki ijayo, utakwenda kituo cha afya, na Ipyana ataomba ruhusa kazini akusindikize, kwa sababu mtu anayezima mara tatu kwa siku hatembei peke yake. Vidonge vya Matilda usimeze tena, bebeni hizo karatasi mkazionyeshe, na useme wazi ulianza lini, ulikuwa unameza vingapi. Usiseme nilijaribu kidogo. Sema viwili kila siku. Mwambie tabibu habari ya siku zako bila kuficha hata bonge moja, hajaanza leo kusikia. Omba upimwe wingi wa damu na sukari, upimwe presha ukiwa umelala kisha ukiwa umesimama, moyo usikilizwe, masikio yatazamwe, na kipimo cha mimba wakitaka wakifanye, hata kama wewe na mwenyekiti mmeshaamua. Wakikuandikia kwenda hospitali kubwa kupigwa picha ya kizazi, nenda. Wakikupa vidonge vya kuongeza damu, meza kama walivyosema na urudi siku waliyosema. Kabla ya hapo, bandani usiingie peke yako, na ukitoka kulala kaa kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo uinuke.

Matilda naye asije akasoma hapa akatupa dawa zake. Wewe Matilda uliyeandikiwa na daktari endelea na dozi yako, ukiona inakuyumbisha rudi kwa aliyekuandikia, usiache mwenyewe. Na acha kugawa.

Kuna hali ambazo hata kesho ni mbali. Kizunguzungu kikija na mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kukwama, kuona vitu viwiliviwili, maumivu makali ya kichwa ya ghafla au ya kifua, moyo kwenda mbio bila kutulia, au mtu akazimia kabisa, hapo hamtafuti shemeji wala maji ya upako, mnatafuta gari muda ule ule. Na damu ikitoka mpaka unaloanisha pedi kila saa, vilevile.

Tuje kwenye aibu yako, maana naona ndiyo inayokuumiza kuliko kizunguzungu. Unamwogopa Sista Aneth. Mimi namfahamu Sista Aneth bila kumwona. Ni mtu aliyesahihisha kosa kwa upole, akachekwa, akacheka nao. Mtu wa namna hiyo ukikaa mbele yake ukasema, "Sista, ulisema kweli na mimi nilikukosea," hatakuwa na muda wa kukusimanga, atakuwa anatafuta kidole cha kutoboa. Umuombe jambo jingine ukishapata nafuu, aje siku ya somo akae kwenye ile meza, wewe ukae pembeni uandike majina. Mashine si mbaya. Ikipata mkanda unaotosha mkono, mtu aliyepumzika, na mpimaji anayejua kwamba namba moja haitoshi kumpa mtu ugonjwa, itawasaidia sana. Ila mpimaji huyo sasa hivi si wewe. Paroko mwambie ukweli kabla ya tangazo la Jumapili. Atashangaa kwa dakika tano, halafu ataendelea na misa.

Huruma niliyokuahidi ni hii. Najua ulivyojisikia walipokupigia vigelegele. Umefagia zahanati miaka mitatu, hakuna aliyekuwa anakuuliza jina, kisha siku moja watu wazima wakakukabidhi mikono yao. Si wewe wa kwanza kuogopa kusema sijui baada ya kuitwa anayejua. Sikulaumu kwa kulitamani jina. Nakulaumu kwa kulilinda kwa miili ya watu.

Maana umeniuliza kama kuna haja ya kumwambia mama yako habari za mjomba, au umwache apone kidonda chake. Umeliuliza mwishoni kabisa, baada ya kitenge cha sare. Mwanangu, hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza.

Mjomba wako ana miaka sabini na mbili. Ulimpima akitoka kusukuma baiskeli ya mihogo, ukampa dawa ya mtu mwingine, ukamkataza kuiacha, na ili isimwishie ukamtumia nyingine. Ameanguka mara moja na kupasuka juu ya jicho, na nyumba nzima imekubali kwamba ni uzee kwa sababu mtu pekee mwenye habari kamili amesema mpeni pole. Mzee akianguka na kugonga kichwa anatakiwa aonwe na tabibu hata kama anacheka na kula, na akionyesha kuchanganyikiwa, kutapika, usingizi usio wa kawaida au kichwa kumuuma sana, wamkimbize hospitali. Na anatakiwa apimwe presha na mtu anayejua, kwa sababu huenda anayo kweli na huenda hana, wewe hujui, na mimi sijui. Aende na karatasi ya vidonge mkononi, na anayempeleka aseme vimetoka wapi.

Siku niliyopokea ujumbe wako, Jumanne, nilikupigia mara tatu. Hukupokea. Nikakuandikia maneno haya haya kwa kifupi, kwamba mpigie mama yako leo, mjomba asimeze tena, apelekwe zahanati. Nikaona umesoma. Baada ya saa mbili ukanijibu, "Asante bibi, nitawaeleza nikienda wikiendi, si vizuri kuwashtua kwa simu." Namba ya mama yako nikakuomba. Hukunipa. Jumatano kimya, Alhamisi kimya, na leo Ijumaa gazeti linatoka.

Hebu tuzihesabu siku hizo. Jumatano asubuhi alikunywa chai yake pale Mzenga, akatoa karatasi mfukoni mwa shati, akameza. Alhamisi vivyo hivyo. Leo, wakati wewe unasoma hapa kutafuta kama nimelitoa jina lako, ameshameza cha leo. Sijalitoa. Hakuna atakayekujua, kigango kizima hakitakujua, na heshima yako iko salama mpaka dakika hii. Kesho atachemshiwa chai tena, na ataulizwa kama amekumbuka dawa, na atajibu kwamba mpwa wake alimwambia asiache hata siku moja.